Mashine ya kubaindi vitabu: nina milioni 9, nianze na gundi, waya au giliotini?

#1 Mleta uzi (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni.

Nina steshenari hapa Morogoro, jirani na chuo. Nina fotokopi mbili, printa moja ya rangi ya A3, na ile mashine ndogo ya kutoboa na kuvalisha plastiki ambayo mtaani sote tunaiita spairo. Imenilisha miaka minne, siilalamikii. Ila kazi zimebadilika. Wanafunzi siku hizi wanarushiana vitini kwenye simu, hawachapishi kama zamani. Wanaokuja sasa ni watu wa vitabu: wachungaji na mahubiri yao, walimu na maswali na majibu yao, na kijana mmoja wa mashairi ambaye kila wiki anabadilisha jalada.

Mwezi wa tatu nilipokea kazi ya nakala 300, kitabu cha kurasa 180, saizi ya A5. Nikachapa mwenyewe, kubaindi nikampelekea jamaa mmoja Dar. Wiki mbili nzima ananiambia kesho. Vilipofika, vingine vimekatwa upande kama paa la banda la kuku, na mwenye kitabu alipofungua cha kwanza mbele yangu, karatasi tatu zikabaki mkononi mwake. Nilimrudishia nusu ya hela. Mpaka leo tukikutana sokoni anaangalia nyanya.

Sasa nina milioni 9 na nimechoka kutegemea watu. Nimeona njia tatu:

Kwanza, mashine mpya ya gundi ya mezani, ya Kichina, kupitia wakala. Pili, ya gundi pia lakini mtumba kutoka Ulaya, ile kubwa ya kusimama, muuzaji yuko Dar na anaapa kwamba haijafanya kazi sana. Tatu, mashine ya waya kwa ajili ya kalenda na makabrasha.

Giliotini, ile mashine ya kukata bunda zima la karatasi kwa mpigo, sina. Kukata kwa sasa nakata kwa kisu cha mkono cha kuvuta, karatasi kumi kumi.

Naombeni ushauri wa wazoefu. Matusi yawekeni akiba.

#2 Mdau wa Dodoma

Kabla hatujakutajia mashine, tutajie kazi. Fungua daftari lako: kwa nusu mwaka umepokea vitabu vingapi, vya kurasa ngapi, karatasi gani, na zipi ulizikataa? Bila hiyo, kila atakayekuja hapa atakuambia ununue aliyo nayo yeye.

#3 Kijana wa Kihonda

Hiyo milioni 9 ongezea kidogo ununue bajaji mkuu. Gundi ya nini.

#4 Fundi wa Gerezani

Mkuu mleta uzi, jibu lako umeshaliandika mwenyewe: "nakata kwa kisu cha mkono, karatasi kumi kumi". Ugonjwa uko hapo.

Niko kwenye kazi hii mwaka wa 19 sasa. Niliowaona wakifunga karakana, wengi walianza na mashine ya gundi kwa sababu ndiyo inayovutia machoni. Kitabu kikitoka kwenye mashine ya gundi hakijawa kitabu. Kingo hazilingani, jalada limezidi huku na huku. Kinakuwa kitabu giliotini inapopita juu, chini na mbele. Ukiwa na gundi bila giliotini, utabeba vitabu vyako kila mara kwenda kukatiwa kwa mwenzako, na siku akiwa na kazi zake utakaa kwenye benchi lake ukihesabu mende. Ukiwa na giliotini bila gundi, bado unakula: kadi za michango, vitabu vya risiti, vipeperushi, stika. Mwaka wangu wa kwanza kodi ya fremu ilitoka kwenye kukatia watu.

Namna ya kuipima: nenda na rimu yako mwenyewe. Weka karatasi kama 300, bana, kata. Chukua ya juu kabisa na ya chini kabisa, ziweke pamoja uzitazame kwenye mwanga. Zikipishana, ama kibanio kinalegea ama kisu kimekufa, na kila kitabu utakachokata kitakuwa kidogo juu na kikubwa chini. Kisha kata bunda pande zote nne, upime kona kwa kona. Mishazari yote miwili ilingane. Isipolingana, meza na ule ubao wa nyuma unaosukuma karatasi haviko sawa, na hapo ndipo yanapozaliwa mapaa yako ya banda la kuku.

Ukichukua ya umeme, iwe ya vitufe viwili, mkono wa kulia na wa kushoto vinabonyezwa pamoja ndipo kisu kishuke. Ukikuta mtu amekiunganisha kimoja moja kwa moja "ili kazi iende haraka", ondoka usiage. Nina mwenzangu anayehesabu vidole hadi nane.

Visu uwe navyo viwili, kimoja mashineni na kingine kwa mnoaji. Ule mti wa plastiki unaopokea kisu kwa chini usiutupe ukichakaa mahali pamoja. Una pande nne, tena unageuzwa kichwa kwa mkia, kwa hiyo unautumia mara nane. Watu wanatupa hela pale bila kujua.

Kama ya umeme haikutoshi mfukoni, zipo za mkono za mezani: gurudumu la kubania juu, mkono mrefu wa kushushia kisu, zinapokea bunda la sentimita 4 hivi. Kitabu chako cha kurasa 180 kina unene wa kama sentimita moja. Hesabu mwenyewe.

Tuje kwenye gundi. Ile ya vidonge, EVA, hufanya kazi ikiwa na joto la nyuzi 160 hadi 180. Ikipoa kidogo tu, inavuta nyuzi kama bamia na haishiki. Ukiiacha inachemka kutwa nzima ukisubiri mteja, inaungua, inakuwa kahawia, inapoteza mnato. Na jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi: mgongo wa kitabu lazima ukwanguliwe kwanza. Mashine nzuri ina kisagio kinachokula milimita moja au mbili za mgongo na kuchimba vijifereji ili gundi iingie kati ya karatasi na karatasi. Vumbi lake lazima liondolewe, maana gundi ikishika vumbi haijashika kitabu. Karatasi zako tatu zilizobaki mkononi mwa mteja, mimi nasema gundi iliungua au mgongo haukukwanguliwa.

Halafu si kila kitabu kinataka gundi. Kijitabu cha kurasa 60 kushuka chini, kunja katikati, piga pini mbili mgongoni kwa stepla ya mkono mrefu. Sharti lake kurasa zigawanyike kwa nne. Ukinenepesha sana, karatasi za katikati zinachomoza nje, ukikata unakula maandishi, na kijitabu chenyewe kinakataa kufunga mdomo.

#5 Mdau wa Nairobi

Fundi amesema vizuri, wacha niongeze ya karatasi. Mimi niko Nairobi, nilianzia River Road nikiwa wa kutumwa tu.

EVA ni sawa kwa karatasi ya kawaida, ile ya gramu 70 au 80. Shida inakuja mteja akileta kitabu cha picha, karatasi yote ya kung'aa. Ile karatasi imepakwa tabaka la udongo mweupe juu. Gundi inashika udongo, haifiki kwenye nyuzi za karatasi yenyewe. Nilifanya kitabu cha kumbukumbu cha shule hivyo, kikaonekana safi sana Ijumaa. Jumatatu mzazi wa kwanza akapiga simu.

Kwa kazi hizo kuna gundi inaitwa PUR. Inakauka kwa kunywa unyevu ulio hewani, na ikishakauka hairudi kuyeyuka hata ukiipasha. Inapakwa nyembamba, kitabu kinafunguka vizuri bila kuvunjika mgongo. Lakini tanki lake lazima lifungwe, kwa sababu ikiachwa wazi inaganda ndani ya mashine. Kusafisha ni kibarua, moshi wake unataka bomba la kuutoa nje, na kitabu usikivute kukijaribu mpaka kesho yake. Kwa kiwango chako, kununua mashine ya PUR ni kuchimba kisima kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai. Tafuta mwenye nayo umpe hizo chache.

#6 Mleta uzi (Morogoro)

Mdau wa Dodoma, nimefanya ulivyosema, nimekaa na daftari mpaka saa sita usiku.

Nusu mwaka: vitabu vya gundi kazi 5, jumla nakala 740. Vijitabu vya kukunja na pini kazi 11, na hizo zote nilipiga pini kwa stepla ya kawaida huku kijitabu nimekiweka juu ya kipande cha godoro, msinicheke. Spairo kila siku. Kalenda, Desemba nilirudisha watu wanne.

Kilichoniuma ni vitabu vya risiti. Nimekataa sijui kazi ngapi, sikuwa hata naandika. Nilikuwa nawaambia "hatufanyi" kama vile ni msimamo, kumbe ni kwamba siwezi kukata.

#7 Dada wa Hadikava

Mko jirani na chuo halafu posti sita zimepita hakuna aliyetaja tasnifu? Haya.

Mimi nabaindi tasnifu Dar, hadikava, yaani majalada magumu, za kitambaa zenye herufi za dhahabu. Mashine yangu kubwa kuliko zote ni mikono. Unahitaji kadibodi ya kijivu ya milimita 2 au 2.5, kitambaa cha jalada, karatasi nene za kuunganishia ndani, gundi nyeupe, brashi, rula ya chuma, kibanio kizito, na kijimashine cha kupigia herufi kwa moto. Ukipima jalada, kati ya kadibodi na mgongo acha nafasi ya milimita 7 hivi lipate pa kukunjia. Mwaka wangu wa kwanza sikujua hilo. Hadikava zangu zilikuwa zinafunguka kama mlango wa kabati jipya, na zikifunguka zinang'oa ukurasa wa kwanza.

Rangi ya jalada na maneno ya mgongoni usikisie. Mwambie mwanafunzi akuletee mwongozo wa chuo chake. Kila mmoja atakuambia "weka tu nyeusi", kisha anarudi analia ofisini walitaka nyingine, na anayelipia kitambaa ni wewe. Kazi hii ina msimu. Wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho ya kukabidhi hulali, baada ya hapo unafuma vitambaa.

Kuhusu waya, nisikilize vizuri maana nimelipia somo hili. Ile plastiki yako ya zamani inataka matundu 21 kwenye A4. Mashine ya waya ya matundu 34 ni ya waya nyembamba, mwisho wake milimita 14. Zaidi ya hapo waya nene zinataka matundu 23. Mashine moja haitoboi vyote ila iwe imetengenezwa hivyo. Mimi nina ya matundu 34, na kwa haraka zangu nikanunua katoni nzima ya waya nene kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Iko chini ya kitanda mwaka wa pili huu. Anayeitaka aseme.

#8 Mdau wa Dodoma

Nampinga Fundi kidogo, kwa heshima. Nakala 740 kwa nusu mwaka ni kama 120 kwa mwezi. Hata mashine ya mezani ya kuendesha kwa mkono itazimaliza kwa siku mbili. Siku zilizobaki inakula vumbi na nafasi. Kwa nini asitafute mbaindi mwaminifu? Ampe nakala moja ya mfano iliyosainiwa na wote wawili, waandikiane tarehe, na kila siku ya kuchelewa hela ipungue. Hilo halihitaji milioni 9, linahitaji ukurasa mmoja.

#9 Mleta uzi (Morogoro)

Mkuu wewe hujawahi kuambiwa "kesho" na mtu ambaye unasikia mashine imezimwa nyuma yake.

#10 Fundi wa Gerezani

Dodoma hajakosea sana. Mimi mwenyewe sijamwambia anunue gundi, rudia kusoma. Ila hesabu ya nakala kwa mwezi inadanganya, kwa sababu kazi haziji 120 kila mwezi. Zinakuja 300 kwa mpigo, mteja ana uzinduzi Jumamosi, halafu kimya miezi miwili. Anayelipia haraka ya Jumamosi ile ndiye anayekulipa vizuri, na huyo humpati kama kitabu kiko kwenye basi la Dar.

Mtumba wa Ulaya, kwa kuwa umeuliza. Siusemi vibaya. Mashine za gundi za Horizon za Kijapani na giliotini za Polar za Kijerumani utazikuta zimevuka miaka mingi na zinapiga kazi. Lakini tazama bamba la nyuma kwanza. Ukisoma volti 380 au 400, hiyo ni ya fezi tatu, na fremu yako bila shaka ina fezi moja. Hapo ongeza foleni ya TANESCO na gharama za kuvuta laini kabla hujabaindi hata daftari. Pili, mwambie muuzaji aiwashe ukiwa umesimama pale. Gundi ipate moto, ubaindi vitabu 20 kwa karatasi yako. Visiguse. Rudi kesho yake, fungua katikati, shika karatasi moja moja uvute. Akikuambia "leo umeme hakuna" siku tatu mfululizo, umeshajibiwa. Tatu, uliza hita, kidhibiti joto na meno ya kisagio vinapatikana wapi. Mashine ya gundi haifi kwa uzee, inafia hita.

Ukiagiza mpya, mwulize wakala bei yake imefika wapi: bandarini China, bandarini Dar, au mlangoni kwako. Kuna ukaguzi wa TBS unaofanyika kabla mzigo haujapakiwa, kuna ushuru, kuna VAT asilimia 18. Wengi wanaagiza kwa bei ya picha, mzigo ukifika wanaanza kukopa.

#11 Mzee wa Songea

Wanangu, hamjambo.

Nimekuwa nikisoma tu, simu hii amenipa mjukuu. Kazi ya kujalidi nilifundishwa na wamisionari huku Kusini, wengi wenu hamjazaliwa. Nawashangaa mnavyozungumza kana kwamba bila umeme hakuna kitabu.

Iko njia ya Mjerumani mmoja, Emil Lumbeck, ya tangu miaka ya 1930. Haina moto. Karatasi za kitabu unazigonga mezani mpaka mgongo unalingana, unazibana kati ya mbao mbili, mgongo juu, ukiacha karatasi zimechomoza vya kutosha. Kwa kiganja unazilaza upande mmoja kama unavyofungua karata, kila karatasi inachungulia kidogo nyuma ya mwenzake. Unapaka gundi nyeupe kwa brashi. Unazilaza upande wa pili, unapaka tena. Zikisimama wima, kila karatasi imeshikwa na jirani zake kwa milimita moja hivi, kushoto na kulia. Juu yake unalaza kipande cha shashi ya bendeji, unapaka tena, unaacha hadi asubuhi. Kisha jalada.

Nina vitabu vya nyimbo vya kwaya nilivyojalidi hivyo, wanakwaya wamezeeka, vitabu vinaimbiwa.

Gundi isiwe ile ya seremala. Ikikauka inakuwa ngumu kama ukucha, inavunjika. Waambie wakupe gundi nyeupe ya kujalidia, inayobaki laini ikishakauka. Vibanio mpe seremala achonge sita, mti mgumu, boliti mbili kila kimoja. Msaidizi mmoja anapaka, mwingine anagonga na kubana. Kazi ya mia mtaifanya kwa siku kadhaa na hamtaogopa giza.

#12 Mleta uzi (Morogoro)

Shikamoo mzee. Hii sijawahi kuisikia popote.

Mzee, naomba kuuliza jambo linalonisumbua. Vitabu vyangu vya A5, hata vile ambavyo havikuchanika, karibu na mgongo karatasi zinajikunja mawimbi, na kitabu kinajifunga chenyewe ukikiachia. Nilidhani ni gundi.

#13 Mzee wa Songea

Marahaba mwanangu.

Hiyo si gundi, ni mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ina nyuzi kama mti, zimelala upande mmoja. Chana karatasi: upande inakochanika mstari ulionyooka ndiko nyuzi zilikolala, upande wa pili inachanika ovyo. Nyuzi ziende sambamba na mgongo, juu kwenda chini. Zikipita mkingamo, gundi ikiloanisha karatasi inataka kutanuka na mgongo umeishika, basi inafanya mawimbi.

Unachapa kwenye karatasi gani?

#14 Mleta uzi (Morogoro)

A4 ya rimu ya kawaida, kurasa mbili kila upande, halafu nakata katikati.

#15 Mdau wa Nairobi

Hapo ndipo umejikamata. Rimu nyingi za A4 nyuzi zake zimelala urefu, yaani upande wa milimita 297. Ukiikata katikati upate A5, ule urefu ndio umegawanywa mara mbili, kwa hivyo nyuzi sasa zimelala kwenye upande mfupi wa A5, mkingamo na mgongo. Printa yako ni ya A3, sivyo? Tafuta A3 ambayo nyuzi zimelala kwenye ule upande wa 420, uchape A5 nne kila upande. Ukikata, mgongo wa kila A5 utafuata nyuzi. Chana moja dukani kabla ya kulipa, muuzaji atakuangalia vibaya lakini utaishi.

Kitabu cha saizi ya A4, rimu yako ya kawaida iko sawa kabisa.

#16 Kijana wa Kihonda

Nilikuja kutania, sasa nimekaa nachana karatasi za ofisini. Ni kweli wakuu.

#17 Mleta uzi (Morogoro)

MREJESHO. Imepita miezi miwili na nusu, samahani kwa ukimya.

Nilinunua giliotini kwanza. Ya umeme, ya mezani, mtumba, inapokea upana wa sentimita 45, fezi moja, vitufe viwili vyote vizima. Nilienda na rimu yangu kama Fundi alivyosema. Ya kwanza niliyoonyeshwa, karatasi ya juu na ya chini zilipishana kama ndugu wa baba mmoja. Muuzaji akaniuliza "wewe ni fundi?" nikanyamaza tu. Ya pili ikatoka sawa. Nikachukua na kisu cha akiba.

Stepla ya mkono mrefu, nikaachana na godoro. Vibanio sita vya mbao kachonga seremala wa Msamvu, alidhani natengeneza mtego wa panya. Mashine ya gundi sijanunua, hela yake ipo.

Vitabu vya risiti vimelipa zaidi ya nilivyotegemea. Wiki ya kwanza tu nilipata vya duka la pembejeo na vya shule mbili. Wenye steshenari wenzangu wananiletea kukata, nawatoza kwa bunda.

Kwa njia ya mzee nilianza na mashairi ya yule kijana, nakala 50. Gundi ilishika, nilivuta karatasi mpaka ikachanika yenyewe kabla haijatoka. Lakini jalada! Nilisoma kwamba karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, kitabu kina kurasa 96, nikaandika mgongo milimita 9.6. Jalada likavaa kama koti la kaka mkubwa. Kurasa 96 ni karatasi 48, jamani. Mgongo ni chini ya milimita 5. Majalada 50 yenye laminesheni yamekuwa vibao vya kuandikia bei. Kijana hakukasirika, alishataka kubadilisha jalada tena.

Na hiyo laminesheni ilinipa kazi nyingine, majalada yanajikunja kwenda nje mvua zikinyesha, kwa sababu ndani karatasi inavuta unyevu na nje plastiki haitanuki. Sasa nayalaza chini ya uzito usiku mzima kabla ya kubandika, na nayafunika na mfuko. Afadhali kidogo.

Mwenye kitabu cha mwezi wa tatu nilimpigia nikamwambia alete vilivyobaki nimjalidie upya bure. Alileta 41. Niliviondoa jalada, nikakata mgongo wote wa gundi ya zamani kwa giliotini, milimita 4, bahati nzuri pambizo la ndani nilikuwa nimeacha pana. Mawimbi yamebaki, nyuzi ndizo zilivyo. Salamu ameitikia, ila fupi.

Mzee, asante sana. Nikija Songea nitakuletea kitabu kimoja ukivute.

Dada wa Hadikava, ile katoni ya waya nene bado ipo? Nimepata kazi ya semina, makabrasha 60 ya karatasi 200 kila moja, na mashine ya matundu 23 nimeazima.

#18 Dada wa Hadikava

Ipo. Njoo na bei nzuri, usije na bei ya chini ya kitanda.

#19 Fundi wa Gerezani

Kisu umeshakinoa mara ngapi?

#20 Mleta uzi (Morogoro)

Sijanoa. Ninoe lini?

#21 Fundi wa Gerezani

Sikiliza mlio. Kisu kizima kinashuka kimya, kinakata kama mkate. Kikianza kulia na karatasi ya juu inatoka na manyoya kwenye ukingo, umeshachelewa siku tatu. Vaa glovu, kifunge kwenye ubao wake kabla ya kukitoa, na usikibebe kwenye daladala.